Shati la Kitani na Suti ya Mdogo Wangu

Fundi ninayempelekea nguo zangu pale Mwananyamala ana cherehani moja, benchi moja la wateja, na rundo la suruali ambalo sijawahi kuliona limepungua. Miaka kumi iliyopita rundo lile lilikuwa la suruali pana zinazosubiri kubanwa. Vijana walizileta kwa mafungu: fundi nibanie hapa, na hapa pia, mpaka mguu upite kwa kusukumwa. Modo. Jumamosi moja mwaka huu nimekaa kwenye benchi nikisubiri zipu yangu, akaja kijana na suruali tatu za modo, safi, hazijachakaa hata kidogo. Anataka zitanuliwe ziwe bwanga.

Fundi alicheka mpaka akavua miwani. Akaigeuza suruali ya kwanza ndani nje, akamwonyesha mshono: hakuna nguo iliyobaki humo. Aliyeibana alikata na kutupa. "Sasa mwanangu, nguo ya kutanulia nitaitoa wapi? Ningebana mimi ningekuachia akiba." Akampa shauri la kuongeza kipande ubavuni, hata kikiwa cha rangi nyingine, kama walivyofanya wazee enzi za pekosi. Kijana akafikiri kidogo, akaona hapana, akakunja suruali zake na kuondoka.

Na mimi nilicheka. Wote pale kwenye benchi tulicheka. Nilipofika nyumbani ndipo kile kicheko kikaanza kunikera, kwa sababu nilikitambua. Kimeshawahi kumgharimu mtu.

Miaka minne iliyopita mdogo wangu, baada ya kumaliza chuo na kuhangaika karibu mwaka mzima, aliitwa kwenye usaili wa kampuni moja ya bima. Akanipigia simu: "Kaka, shikamoo. Naomba unisaidie elfu themanini. Viatu ninavyo, shati ninalo, nimekosa suti." Kwa elfu themanini, ukijua kuchagua kwenye mitumba, unapata suti nzuri na ya kumpa fundi inabaki. Hela hiyo nilikuwa nayo. Sikumpa. Nilichompa ni hotuba. Nilimweleza kuwa watu wanaajiri kichwa, hawaajiri koti. Kwamba fasheni ni mtego wa wenye maduka. Kwamba mwanamume anayekimbizana na msimu hatafika popote maana msimu una miguu mirefu kuliko yake. Nilikuwa nimeipenda sana ile sentensi ya miguu. Na ili nisionekane mchoyo nikamwazima suti yangu ya harusi, ya mwaka 2006: vifungo vitatu, mabega mapana yenye sponji ndani, suruali ya marinda inayomwagikia juu ya viatu. Kitambaa cha maana kabisa. Suti ni suti, nikamwambia.

Kazi hakuipata. Siwezi kudai ni kwa ajili ya suti. Walioitwa walikuwa wengi na nafasi zilikuwa mbili tu. Lakini aliporudi alinieleza jambo ambalo mpaka leo ninalo. Alisema pale kwenye viti vya kusubiria wenzake wote walikuwa na makoti mafupi yaliyowakaa mwilini na suruali zinazoishia kifundoni, na kwamba muda wote wa usaili akili yake ilikuwa mabegani. Aliulizwa swali alilolijua vizuri, akalijibu nusu. "Kaka, nilikuwa kama nimevaa mtu mwingine." Hakunilaumu. Alirudisha suti ikiwa imepigwa pasi, kwenye mfuko wake.

Sasa swali langu ni hili: kati yetu wawili, nani aliyekuwa anajali mavazi kupita kiasi?

Nchi hii tuna mazoea ya zamani ya kuigeuza suruali ya kijana kuwa suala la maadili. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze rasmi Januari 1969. Sketi fupi, mawigi na dawa za kujichubua zilipigwa vita, na kwa upande wa wanaume zikaingizwa suruali za kubana. Yaani wembamba ndio uliokuwa ushahidi kwamba kijana ametekwa na utamaduni wa kigeni. Haikupita miaka mingi, kizazi kilichofuata kikaingia kwenye pekosi na bugaluu, suruali za kufagia barabara, na viatu vya raizoni. Sasa upana ukawa ndio uhuni. Baadaye ikaja kata K, suruali inaning'inia chini ya makalio, wahubiri wakapata kazi. Halafu modo, tukarudi palepale pa 1968: imebana mno. Na sasa bwanga tena, na nimeshawasikia watu wazima wakiuliza hawa watoto wanaficha nini humo ndani. Ukiitazama historia hiyo kwa utulivu unaona kwamba hakuna kipimo cha suruali kilichowahi kuwaridhisha wakubwa. Kilichokuwa kinawaudhi hakikuwa kwenye kitambaa.

Sisi wapenda vitabu nasi tuna toleo letu la mazoea hayo, lenye adabu zaidi. Tumelelewa na Wimbo wa Lawino. Tumemcheka Ocol na usomi wake, na suti, na dharau aliyonayo kwa mama wa nyumba yake, tukatoka darasani tukiamini kwamba mwanamume mwenye kujipamba kwa mtindo wa kuja ni mtu aliyejipoteza. Nilipoisoma tena nikiwa mtu mzima niliona nilikuwa nimeisoma kivivu. Lawino anamshitaki Ocol kwa kuwadharau watu wake. Hebu mvue suti, mvishe chochote ukitakacho: dharau itabaki. Na kinyume chake pia ni kweli, wapo watu waliovaa kwa unyenyekevu wote huku wanawadharau wengine vizuri tu, kwa mfano kaka anayetoa hotuba kwenye simu.

Aliyenifungua macho hakuwa mwanafasihi. Ni Adam Smith, yule wa uchumi, ambaye wengi tunamjua kwa jina tu na kwa tetesi kwamba aliupenda ubepari. Katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1776, alipokuwa anajadili kodi, ilimbidi aeleze ni bidhaa zipi ni za lazima na zipi ni anasa. Mtu angetegemea aseme chakula, maji, paa, basi. Lakini Smith anatoa mfano wa shati la kitani. Anasema, kwa ukali wa maneno, shati la kitani si la lazima kwa uhai. Wagiriki na Warumi wa kale waliishi vizuri bila hilo. Ila katika sehemu kubwa ya Ulaya ya wakati wake, hata kibarua wa kutwa, akiwa ni mtu wa heshima, angeona aibu kutokea mbele za watu bila shati hilo, kwa sababu kulikosa kungechukuliwa kuwa ni dalili ya ufukara ambao mtu haufikii ila kwa tabia mbovu. Kwa hiyo ni la lazima. Na anajua fika kwamba hilo ni suala la mahali tu: viatu vya ngozi, anasema, Uingereza vinamlazimu mwanamume na mwanamke, Uskoti mwanamume wa tabaka la chini hawezi kuvikosa lakini mwanamke anaweza kutembea peku bila lawama, Ufaransa wote wawili wanaweza. Karne mbili baadaye Amartya Sen aliuchukua mfano huu akaufanya nguzo mojawapo ya fikra zake kuhusu umaskini: kuweza kutokea hadharani bila aibu ni sehemu ya mambo ambayo mtu akinyimwa, amenyimwa maisha.

Nilipousoma ukurasa ule nilifunga kitabu. Mdogo wangu hakuwa ameniomba pambo. Alikuwa ameniomba shati la kitani.

Pwani yetu inalijua jambo hili kwa namna chungu zaidi. Zanzibar utumwa uliondolewa kisheria mwaka 1897. Kabla ya hapo mavazi yalikuwa yanasoma hadhi ya mtu kutoka mbali: mtumwa mwanamume alitembea kichwa wazi na miguu mitupu, amejifunga kitambaa cha bei ya chini. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu burudani na siasa za Unguja baada ya utumwa, anaonyesha jinsi waliokuwa watumwa walivyokimbilia kanzu na kofia mara walipoweza. Fikiria mtu ambaye kipato chake ni cha kibarua, hana shamba, ana deni la kodi ya kiwanja, na bado anatenga hela ya kofia. Bwana mmoja wa Kizungu, au hata tajiri wa Mji Mkongwe, angeweza kumwambia maneno yaleyale niliyomwambia mdogo wangu: utu uko kichwani, hauko kwenye kofia. Angejibiwa nini? Kichwa hicho kilikuwa wazi miaka yote kwa sababu fulani.

Kwa wale mnaomsoma Gogol, hadithi yake ya koti, ya mwaka 1842, iko palepale. Akaky Akakievich, karani mnakili wa St Petersburg, koti lake limechakaa mpaka fundi amekataa kulitia kiraka kingine. Anaamua kushona jipya. Anaacha chai ya jioni, anaacha kuwasha mshumaa, anatembea kwa kunyata ili soli zisiishe haraka. Siku anayolivaa, wafanyakazi wenzake, ambao kwa miaka wamemfanya kichekesho, wanampongeza na wanamwalika kwenye sherehe. Usiku huohuo anaporwa koti, na hadithi inaelekea kaburini. Watu huisoma kama hadithi ya mtu aliyependa kitu kupita kiasi. Mimi ninachokiona sasa ni ule mwaliko. Akaky ni yuleyule, mwandiko uleule, sauti ileile. Kilichobadilika ni kwamba ofisi nzima imepata ruhusa ya kumwona.

Hapa mtu atanipinga kwa mifano ya watu wakubwa waliovaa kawaida wakaheshimika. Mwaka 1931 Gandhi aliingia Buckingham Palace kumwona mfalme wa Uingereza akiwa na shuka na kipande cha nguo kiunoni. Mwalimu Nyerere alipita dunia nzima na zile suti zake za kola ya Kichina. Na leo tunao matajiri wa kompyuta wa California wanaovaa fulana ya kijivu kila siku na kusifiwa kwamba hawapotezi muda kuchagua nguo. Sawa. Lakini Gandhi aliingia Buckingham akiwa Gandhi. Lau kama kibarua asiye na jina kutoka Gujarat angefika kwenye lango lile na nguo zilezile, asingepokewa na mfalme, angepokewa na polisi. (Nimtendee haki: Gandhi alichagua vazi lile miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1921, kwa sababu hao maskini hawakuwa na la kuchagua. Alijua anachokifanya kuliko wanaomtolea mfano.) Kutojali mavazi ni jambo zuri, na wanaolimudu ni wale waliokwisha kuhesabiwa. Fulana ya kijivu ya tajiri inasomeka kwa sababu jina lake limeshafika chumbani kabla yake. Nami nilipokuwa nahubiri kuhusu kichwa na koti nilikuwa nimeketi kwenye ajira ya kudumu, na bima ya afya, na wanafunzi wanaonisalimia barabarani.

Nairobi walituonyesha jambo hili mwaka 2023. Rais William Ruto alizipenda suti za Kaunda, ile shati-koti inayoitwa kwa jina la rais wa kwanza wa Zambia, na mara zikawa ndio msimu: mafundi walishonea kila mtu, wabunge wakazifuata. Mwezi Novemba Spika Moses Wetang'ula akazipiga marufuku ndani ya Bunge. Ni koti, kola na tai. Watu walicheka kwamba taifa lililopigania uhuru linalazimishwa tai. Mimi nilichokiona ni kwamba vazi lilelile lilikuwa fasheni kwa mmoja na utovu wa nidhamu kwa mwingine, kutegemea ameketi kiti gani.

Mpaka hapo naweza kuonekana naitetea fasheni. Hapana, na hapa ndipo Smith ananiacha njia panda. Shati lake la kitani lilikuwa shati. Kibarua alihangaika, akalinunua, akalivaa mpaka likachakaa, na alipolivaa mwaka wa tano bado lilikuwa shati la kitani. Deni lake la aibu lilikuwa na mwisho. Je, shati hilo likibadilika kila baada ya miezi sita?

Neno lenyewe msimu tumelipata kwenye Kiarabu, na ni ndugu wa lile neno ambalo Wazungu wanaitia jina monsuni. Lilikuwa jina la upepo na wakati wake. Kaskazi ikivuma, kuanzia kama Desemba, majahazi yalishuka kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi; kusi ikishika yalirudi. Nguo zilikuja na upepo, na watu wa huku hawakuwa wapokeaji mabubu. Wasafiri wa karne ya 19, akina Burton na Stanley, wameandika kwa kirefu mateso ya kujua ni nguo gani na ushanga gani unakubalika kwa watu gani, maana ukifika bara na rangi isiyotakiwa utalala njaa na mizigo yako. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba zamani hapakuwa na fasheni. Lakini upepo haukuwa na mwenyewe. Hakuna aliyekaa ofisini akaamua kaskazi ivume mara mbili zaidi kwa mwaka ili biashara ichangamke.

Msimu wa nguo za kiume wa leo una anwani. Mojawapo ni Florence, Italia, ambako tangu 1972 kuna maonyesho yanayoitwa Pitti Uomo. Yanafanyika Januari na Juni. Januari, watu wakiwa bado kwenye baridi, wanaonyeshwa nguo za baridi itakayokuja mwisho wa mwaka. Juni wanaonyeshwa za joto la mwaka utakaofuata. Wenye maduka wanaagiza, viwanda vinashona. Kazi nyingi nzuri zinafanyika humo na sitasema uongo, picha za wazee wa Kitaliano wamesimama juani na makoti yao nazitazama kwa raha kabisa. Ila biashara ya namna hiyo haiwezi kwenda kama nguo ya mwaka jana haijaanza kuonekana vibaya. Hakuna anayelazimika kutamka kwamba imekuwa ya aibu. Inatosha kuonyesha mpya, na kungoja.

Kuna wakati nilidhani sisi tumeponea kwenye mitumba. Belo linafunguliwa na ndani yake misimu yote imelala pamoja kama samaki kwenye tenga: koti la baridi la Norway juu ya kaptula ya Florida. Kuna uhuru wa ajabu katika fujo ile. Makoti mazito yanapanda malori kwenda Njombe na Makete, ambako Juni na Julai baridi ni baridi kwelikweli, na huko yanapata maisha ya pili kwenye kiangazi cha waliyoyatupa. Na hapa Dar, joto nyuzi thelathini na kitu, utamkuta bodaboda amevaa koti la theluji, tena amelivaa nyuma mbele, zipu mgongoni, ili upepo usimpige kifua. Sijawahi kuona mtu aliyeushinda msimu kama yule. Koti lile lilibuniwa kwa ajili ya barafu, likatangazwa, likauzwa, likachokwa, likatupwa, na sasa linafanya kazi ya maana ambayo aliyelibuni hakuiwazia.

Lakini nenda kwa muuza mitumba utazame anavyopanga. Zile zinazokwenda na wakati zinatolewa kwanza, zinatundikwa kwenye hanga, bei yake haiguswi. Zilizobaki zinashuka chini kwenye turubai, elfu mbili mbili, jioni elfu moja. Koti ni la kiwanda kilekile, uzi uleule. Tofauti ni upana wa kola. Simu imeua ule umbali tuliokuwa nao. Kijana wa Tandale anaona kilichovaliwa Florence siku hiyohiyo, na mwenye mitumba naye anakiona, na mteja wake anakiona. Msimu hauji tena na upepo wala na meli. Unaingia kwenye bei kabla belo halijafunguliwa.

Kwa hiyo yule kijana wa suruali tatu, ambaye tulimcheka, alikuwa anafanya nini pale kwa fundi? Alikuwa na suruali nzima, zilizokuwa zimelipiwa, na zilikuwa zimeacha kufanya kazi yake. Alikuwa anajaribu kukwepa kulipa mara ya pili. Kama ungekuwa ni upuuzi tu angekwenda kununua mpya.

Nimebakiza sehemu ambayo nilikuwa nataka niiruke.

Aibu ya kibarua wa Smith inahitaji mtu wa kumtazama. Shati lenyewe haliaibishi. Kama ni kodi, basi kuna anayeikusanya, na mara nyingi hakai Florence. Shuleni ninakofundisha, mwaka mmoja baada ya lile tukio la mdogo wangu, niliwekwa kwenye jopo la kusaili walimu wapya. Alikuja kijana mmoja wa fizikia kutoka mkoani, na koti ambalo mikono yake ilikuwa inafunika vidole. Alifundisha somo la majaribio kwa dakika ishirini. Kwenye karatasi yangu, sehemu ya maoni, niliandika "maandalizi hafifu". Hakupata nafasi. Niliikuta ile karatasi miezi kadhaa baadaye nikipanga mafaili, na nikajaribu kukumbuka alifundisha nini. Mawimbi? Mwanga? Sikumbuki chochote. Nakumbuka mikono ya koti. Wala sikuwa mjinga wa habari hizi. Nilikuwa nimeshaisikia habari ya mabega kutoka kwa mdogo wangu mwenyewe, nikamhurumia, na jicho langu likaendelea na kazi yake kama kawaida.

Katika kitabu chake cha mwanzo, cha 1759, kuhusu hisia za kimaadili, Smith anasema kwamba mavazi ndiyo yanayotufundisha kuwa uzuri mwingi ni mazoea tu, kwa kuwa kwa maisha ya mtu mmoja anaona kilichosifiwa na kila mtu kikigeuka kichekesho ndani ya miaka mitano. Kwa hiyo ujuzi huo tunao wote. Tazama picha zako za zamani. Lakini kuujua hakulifumbi jicho. Jicho linaamua kabla hujaketi.

Wapo wanaosema dawa ni sare. Tuvae sawa. Nimeifikiria, na nimewaza Idi: safu za wanaume na kanzu nyeupe, mkurugenzi na bodaboda bega kwa bega, huwezi kuwatenga. Huwezi wewe. Muulize anayejua. Atakuambia ile kanzu ni ya kushonwa Oman na ile ni ya kiwandani, na kofia hii imedariziwa kwa mkono miezi mitatu na ile imepigwa na mashine kwa saa moja, na ataiona tofauti hiyo akiwa upande wa pili wa uwanja. Ukiwanyima watu upana wa suruali watasoma nyuzi.

Ninachoweza kufanya ni kidogo na hakinifurahishi. Kwenye jopo siku hizi naandika maoni ya somo kwanza, kabla sijajiruhusu kuandika neno lolote kuhusu mtu. Nimependekeza shuleni barua ya kuitwa usaili iseme wazi kwamba shati safi na suruali vinatosha. Wenzangu waliona ni jambo dogo, hawakulipinga, na halijafanyika bado. Na nimeacha kuwapa vijana ile hotuba ya kichwa na koti. Mtu akiniomba hela ya suti nampa kama ninayo, na kama sina nasema sina.

Ile suti ya 2006 bado ninayo. Mwezi uliopita mpwa wangu wa chuo aliiona kabatini akaitoa kama aliyeokota dhahabu. Mabega mapana, marinda, suruali ya kumwagika: kumbe ndio kila kitu sasa hivi. Akaijaribu mbele ya kioo, akapiga picha, akaniomba, akasisitiza fundi asiguse hata mshono mmoja. Nikaona nimpigie mdogo wangu nimweleze, ni jambo la kuchekesha, suti yake ya usaili imerudi mjini. Anafanya kazi Morogoro sasa, ana nafasi nzuri. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama na zile elfu themanini nazo zimerudi.

Nikamuuliza habari za Morogoro, mvua zinaendeleaje.